Mwenye nyumba tunamwachia, wake zake tunawatukana

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sio mtu wa kuandika andika barua ila safari hii nimeshindwa kunyamaza, sababu ni ile barua mliyoichapa ya msomaji mwenzetu aliyesema tamthilia za Kichina za kwenye majumba ya wafalme ni wivu wa wanawake mwanzo mwisho, hazina kitu, na sisi tunaokesha nazo hatuna shughuli. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikaona huyu ndugu kuna kitu amekiona ila amekishika vibaya, na kwakweli hata sisi mashabiki wenyewe tumekishika vibaya vile vile.

Wivu upo, sikatai. Sumu kwenye chai, mtoto anapotea, kijakazi anapigwa mpaka anasingizia, yote yapo. Lakini jamani ule wivu nani kauleta mle ndani? Wanawake thelathini wamefungiwa geti moja, mume mmoja, kila usiku anachaguliwa mmoja wengine wanasubiri, na mwenye mimba ndo mwenye kesho, halafu mtu anaangalia episodi sabini anamaliza anasema "wanawake bwana". Hapo ndo panaponiuma. Hasira zetu zote zinawaangukia wake wenza, mwenye nyumba anatoka msafi.

Nianze na tamthilia ya Yanxi ya mwaka 2018 maana ndo iliyoniingiza kwenye haya mambo. Wei Yingluo, aliyechezwa na Wu Jinyan, anaingia ikulu ya Beijing kama fundi wa kutarizi akitafuta aliyemuua dada yake, mwisho anakuwa mke wa mfalme Qianlong. Tulimpenda kwa sababu haonewi, ukimpiga kofi leo kesho unalipwa na chenji juu. Ila aliyetushika roho kuliko wote ni malkia Fuca, yule wa Qin Lan, mpole, mwenye kumfundisha Yingluo kuandika, mama aliyezika mtoto akazaa mwingine kwa shida na huyo naye akamfia kwenye moto, akapanda juu ya ukuta akajiachia. Siku hiyo grupu letu la watazamaji lilikuwa msiba mtupu. Watu hawaandiki, wanatuma vile visura vya kulia tu, mmoja akasema ameshindwa kula.

Baada ya kulia tukatafuta wa kumtukana. Tukaanza na Chunfei, mke mwenza wake, maana moto ni wake, alipoisha tukahamia kwa Xianfei, yule aliyechezwa na Charmaine Sheh, anayeanza mpole mpaka familia yake inapoangamia ndo anageuka, anapanda mpaka anakuwa malkia baada ya Fuca. Nami niliandika, nakiri. Niliandika maneno mabaya juu yake ambayo siwezi kuyarudia kwenye gazeti, na nilikuwa namaanisha. Hakuna hata mmoja kwenye grupu, watu zaidi ya mia, aliyeandika neno moja juu ya mwanaume aliyewaweka wote mle.

Sasa sikiliza. Mwezi mmoja tu baada ya Yanxi kuanza, mwaka huo huo 2018, ikaanza Ruyi, episodi 87, ya Zhou Xun. Mfalme yule yule Qianlong. Wake wale wale. Ila ukifungua unakuta dunia imegeuzwa chini juu, Fuca ndo mwenye roho ngumu anayewafungia wenzake uzazi, binti wa ukoo wa Wei, yule stelingi wetu wa Yanxi, ndo shetani mwenyewe, na yule tuliyemtukana kule, malkia wa pili, huku ndo stelingi, ndo Ruyi, ndo tunayemlilia. Ukoo wake tu ndo wameuita tofauti, Yanxi wanasema Hoifa-Nara, Ruyi wanasema Ula-Nara, lakini mtu ni yule yule mmoja aliyeishi kweli.

Grupu likapasuka. Wa Yanxi wakasema Ruyi ni uongo, wa Ruyi wakasema Yanxi ni katuni, skrini-shoti zikaanza kutumwa kama ushahidi wa mahakamani, mpaka admini akafunga watu wasiandike siku mbili. Dada mmoja aliyesema anawahurumia wote wawili alichekwa mpaka akatoka, na hajarudi, hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu yeye ndo alikuwa sahihi kuliko sisi wote.

Mi niliangalia Ruyi na dada yangu mkubwa. Yeye sio mtu wa kulia kabisa. Tukafika pale kwenye safari ya kusini, Ruyi na mfalme wanagombana mpaka maneno yanaisha, anakamata nywele zake na kuzikata. Dada akasimamisha kwa rimoti. Shungi liko hewani, halijafika chini, sura ya Zhou Xun haina hata hasira imebaki uchovu tu, na dada kashika ile rimoti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. Akaniuliza, "Nywele tu ndo zimemmaliza?" Nikamwambia sijui. Usiku huo sikulala nikaanza kutafuta.

Na nilichokipata ndo kimenifanya niandike hii barua, Mhariri. Kwa Wamanchu, watu waliotawala China wakati wa Qing, kukata nywele ni alama ya msiba mkubwa, mke wa mfalme anakata akifa mfalme au mama yake mfalme. Kwahiyo kukata wakati wote wako hai ni kama umemtangazia mumeo kifo mbele ya macho yake. Na hili sio la kutungwa na mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1765 Qianlong akiwa kwenye ziara ya kusini, wamefika Hangzhou, asubuhi malkia alipewa chakula cha kutoka meza ya mfalme kama kawaida, jioni jina lake halipo tena. Akarudishwa Beijing kwa njia ya maji. Nyaraka zake za vyeo, kuanzia cheo chake cha kwanza ikulu mpaka umalkia, zikachukuliwa zote. Mwaka uliofuata 1766 akafariki, mume yuko safari ya kuwinda na hakukatisha safari, akaagiza azikwe kwa heshima ya daraja moja chini ya malkia.

Tena ile habari ya nywele tunaijua kwa kinywa cha nani? Cha mume. Mwaka 1778 msomi mmoja alithubutu kumuomba mfalme ateue malkia mwingine, ndo mfalme akajibu kwa hasira kwamba yule mwanamke alijikata nywele mwenyewe na yeye kwa huruma hakumvua cheo. Yule msomi akauawa. Yani mke amekufa miaka kumi na mbili nyuma, hana wa kumsemea, na neno la mwisho juu yake ni la yule aliyegombana naye. Alichosema yeye siku ile Hangzhou hakikuandikwa popote. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, sasa huyu haki yake nani atampa kama hata sisi watazamaji miaka mia mbili na hamsini baadae tunaongezea matusi?

Na Fuca naye, anayetukanwa na watu wa Ruyi, amekosa nini? Alizika watoto wa kiume wawili, wa kwanza 1738, wa pili kwa ndui karibu na mwaka mpya wa Kichina wa 1748. Hakuna moto wala ukuta. Miezi michache tu akasafiri na mume wake akaugua njiani, akafia Dezhou. Mfalme alimlilia kweli huyo, aliendelea kumuandikia mashairi ya kumkumbuka hata uzeeni. Mama aliyepoteza watoto wa kiume wawili halafu akafa ndani ya mwaka ule ule, huko kwake tayari ni huzuni ya kutosha, hahitaji mwandishi amuongezee roho mbaya ili mwenzake aonekane mzuri.

Mtu atasema, aa si tamthilia tu, burudani. Ni kweli na mi sisemi watunzi wafungwe mikono, tamthilia lazima iwe na adui. Ninachosema ni sisi tunavyopokea. Tunamaliza kuangalia moja tunajiona tumeshajua nani alikuwa shetani mwaka 1748.

Niwape mfano mwingine, huu ndo ulionivunja kabisa. Zhen Huan, ile ya mwaka 2011, episodi 76, ya Sun Li. Humo kuna Hua Fei wa ukoo wa Nian, aliyechezwa na Jiang Xin, mwenye kiburi, anawapigisha watu magoti juani, anamtukana kila mtu, anampenda mfalme Yongzheng kama kichaa na kila siku anachoma ule ubani aliopewa na mfalme yeye peke yake, anajisifia nao kwamba hakuna mwenzake aliyepewa. Unamchukia weee mpaka siku Zhen Huan anamfuata alikofungiwa anamwambia ukweli, ule ubani una dawa ya kuzuia mimba, na aliyeuweka ni mume wake mwenyewe kwa kuogopa nguvu za kaka yake jenerali. Miaka yote anajiuliza kwanini hapati mtoto, kumbe jibu linafuka moshi chumbani kwake. Anamuita mfalme, anasema umenitesa, anakimbilia ukuta kwa kichwa.

Tuliomtukana siku zote tukalia. Lakini angalia tulivyolia, siku ya pili watu wameshamgeukia mke mwingine wa kumtukana, na Yongzheng kapita katikati yetu mikono nyuma.

Na yule Nian wa kweli maisha yake hayakuwa hivyo hata kidogo. Alizaa, wavulana watatu na msichana mmoja, ila wote walikufa wadogo. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, mwishoni mwa 1725 mfalme akampandisha cheo na siku chache mbele akafariki, na kaka yake jenerali Nian Gengyao aliamriwa ajiue baada ya dada kufa, sio kabla kama tamthilia inavyoonyesha. Wapo watu wanaodhani alisubiriwa afe kwanza ndo kaka ashughulikiwe, hilo ni dhana ya watu siwezi kuapa. Lakini ukishajua aliwazika watoto wake watatu kati ya wanne, halafu unarudi kumuangalia yule wa kwenye skrini akilia kwamba hana hata mmoja, kuna kitu kinakukaba hapa kooni.

Sasa kwa wale wa mapenzi, maana najua wapo watakaosema mimi siangalii za kisiasa naangalia za mapenzi. Dada yangu, kaka yangu, njoo kwenye Bubu Jingxin, hii nayo ya 2011, msichana wa siku hizi anajikuta zama za mfalme Kangxi katikati ya watoto wa mfalme wanaogombea kiti. Ruoxi anajua historia, anajua nani atashinda na nani atafungwa, na bado anampenda mtoto wa nne. Ile ni hadithi ya mapenzi tamu kuliko zote nilizoangalia, na Liu Shishi na Nicky Wu waliocheza walioana kweli baadae, watu tukashangilia kama harusi ya kwetu. Lakini mtoto wa nne ni nani? Ni huyo huyo Yongzheng! Akishakaa kwenye kiti ndo anaanza kuwamaliza ndugu zake, na Yutan, rafiki wa Ruoxi, anauawa kwa mvuke kwa amri yake wakati wengine wanalazimishwa kutazama. Mwanaume aliyesimama na mpenzi wake kwenye mvua ndo huyo anayetoa hiyo amri.

Hili lilipotajwa kwenye grupu, kwamba mpenzi wa Ruoxi na mume wa Hua Fei ni mtu mmoja, kuna kimya kilipita ambacho sijawahi kukiona humo. Halafu mtu mmoja akaandika, "kumbe tatizo sio mwanamke." Basi. Hilo ndo nililokuwa nalitafuta siku zote.

Wachina wenyewe walishaliona mapema bila kutusubiri. Yanxi ilipotoka mwaka ule watazamaji wa kule walimbatiza Qianlong jina la kwato kubwa la nguruwe, ndo jina la mwanaume asiyeaminika, leo anakupenda kesho yuko kwa mwingine, likasambaa mtandaoni mpaka likawa msemo wa kawaida. Ila na wakubwa wao hawakuzipenda hizi tamthilia. Mwanzoni mwa 2019 gazeti la Beijing Daily lilizishambulia, zinatukuza maisha ya anasa ya wafalme, zinafundisha watu fitina, na baada ya hapo Yanxi na Ruyi zikaondolewa kwenye ratiba za televisheni kadhaa. Mi sikubaliani nao sana. Mtu aliyemuangalia Hua Fei mpaka mwisho hawezi kutamani kuingia ile nyumba hata apewe dhahabu ya kichwani mwake yote.

Kitu kingine, hiki nawaomba wanaotafsiri. Kwenye maandishi ya chini kila mwanamke asiye malkia anaitwa suria. Sio kweli na inaharibu hadithi nzima. Wakati wa Qing kulikuwa na ngazi, malkia mmoja, chini yake huangguifei mmoja, guifei wawili, fei wanne, pin sita, halafu guiren, changzai na daying ambao hawana idadi, na ngazi ndo inaamua una vijakazi wangapi, unapata vitambaa gani, mkaa kiasi gani wakati wa baridi. Mwanamke akishushwa kutoka fei kwenda daying kashushwa mpaka kwenye joto la chumba chake. Ukimuita suria juu na suria chini mtazamaji anaona tu mtu analia bila sababu, ndo hapo watu kama yule ndugu wa barua wanasema hawa wanawake wana nini. Tuachieni hayo majina ya Kichina kama yalivyo, tutayazoea, mbona Hua Fei tumemzoea.

Na inawezekana kabisa kufanya kazi nzuri kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ile ya Doudou na mama wakwe zake iliingizwa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa TBC, na watu waliipokea kama ya nyumbani maana mkwe ni mkwe popote. Hata Wachina wenyewe hizi za kale wanaziwekea sauti za watu wengine, Zhen Huan unayemsikia sio sauti ya Sun Li kwa sehemu kubwa, ni ya Ji Guanlin, na hakuna anayelalamika. Basi kwanini Ruyi asiongee Kiswahili? Sisi tuna lugha ya uke wenza iliyoiva, bi mkubwa, bi mdogo, kijembe, fumbo, kumpiga mtu dongo bila kumtaja. Yale mazungumzo ya kwenye chai ya Zhen Huan, ambapo kila sentensi ni tamu nje na sindano ndani, yangekaa kwenye Kiswahili kuliko lugha yoyote ninayoijua.

Kwako Mhariri ombi langu ni moja. Ukurasa wa burudani kila wiki unatuambia nani kaachana na nani, tengeni kona hata ndogo, kila ikitoka tamthilia ya hivi mtu aandike hawa walikuwa nani kweli, alizaliwa ukoo gani, alizaa wangapi, alikufaje. Wapo wengi tunaotafuta usiku peke yetu kwenye simu. Mkianza, anzeni na yule malkia wa pili wa Qianlong.

Maana dada yangu aliniuliza tena tulipomaliza episodi ya 87, kaburi lake liko wapi, akitaka tu kuliona picha. Nikatafuta. Hana kaburi lake. Aliwekwa ndani ya kaburi la mke mwingine wa mfalme, Chunhui, pembeni, bila kibao cha jina lake. Dada akakaa kimya muda mrefu halafu akachukua rimoti akarudisha episodi ya kwanza, pale Ruyi bado msichana anacheka.

Wako,
Msomaji na mtazamaji